Je, (n − 1)! inagawanyika kwa n? Mwongozo wa kujibu bila kuzidisha, kwa nambari za matatu za Nairobi

Chukua nambari ya ruti yoyote ya matatu, tuseme 46 ya Kawangware. Zidisha nambari zote zilizo chini yake, 1 × 2 × 3 na kuendelea hadi 45. Je, zao hilo litagawanyika kwa 46 bila kubakisha kitu? Ukiamua kulizidisha kweli utapata nambari ya tarakimu 57, na huenda matatu ikafika Kawangware na kurudi mjini kabla hujamaliza. Jibu ni ndiyo, na anayejua pa kutazama hulitoa papo hapo. Muulize mtu huyo huyo kuhusu 23 ya Kangemi: atasema hapana, tena ataongeza kwamba baki ni 22.

Mwongozo huu unaonyesha pa kutazama. Unamfaa mwanafunzi wa sekondari, mwalimu mwenye klabu ya hesabu, na kijana anayejifunza kuandika programu aliyekutana na faktoria, yaani zao kama hilo la 1 hadi 45, kwenye mazoezi ikamtoa jasho. Unachotakiwa kujua tayari ni kuvunja nambari kuwa vigawo vyake, kama 46 = 2 × 23. Nambari tasa ni ile iliyo kubwa kuliko 1 na isiyo na kigawo kingine ila 1 na yenyewe, kama 23. Zile zinazovunjika, kama 46, nitaziita zisizo tasa.

Nambari za matatu nimezichagua makusudi. Mkaazi wa Nairobi anazijua bila kufikiri, na zina kila aina tunayohitaji: 23 ni tasa, 9 ya Eastleigh ni mraba wa tasa, 125 ya Rongai ni 5 × 5 × 5, na 111 ya Ngong inaonekana tasa kwa macho kumbe siyo.

Hatua ya 1: Zoea alama na ukubwa wake

Alama ya mshangao baada ya nambari ina maana ya kuzidisha kuanzia 1 hadi nambari hiyo. Hivyo 5! ni 1 × 2 × 3 × 4 × 5, yaani 120. Mfaransa Christian Kramp ndiye aliyeanza kuiandika hivyo, mwaka 1808. Andika hizi pembeni mwa daftari, utazihitaji:

1! = 1
2! = 2
3! = 6
4! = 24
5! = 120
6! = 720
7! = 5040
8! = 40320
9! = 362880
10! = 3628800

Kila mstari unaupata kwa kuzidisha ule wa juu yake kwa nambari inayofuata. Kikokotoo cha shule hakitakufikisha mbali. Vile vya kawaida, ambavyo mwisho wao ni nambari ya tarakimu 100, hukubali 69! na kugoma kwenye 70!. Na kabla hata ya kugoma huwa vimeshaanza kukadiria: 15! ina tarakimu 13, skrini ya tarakimu 10 haiwezi kuionyesha yote. Baki utakayoitafuta kutokana na jibu lililokadiriwa usiiamini hata kidogo.

Hatua ya 2: Fanya chache kwa mkono kabla ya kuamini kanuni yoyote

Gawanya (n − 1)! kwa n na uandike baki. Usiruke hatua hii. Wanafunzi wengi hupewa kanuni kabla hawajaona jambo lenyewe, na ndiyo maana kanuni inawatoka wiki moja baadaye.

n = 2: 1 ÷ 2, baki 1
n = 3: 2 ÷ 3, baki 2
n = 4: 6 ÷ 4, baki 2
n = 5: 24 ÷ 5, baki 4
n = 6: 120 ÷ 6, baki 0
n = 7: 720 ÷ 7, baki 6
n = 8: 5040 ÷ 8, baki 0
n = 9: 40320 ÷ 9, baki 0
n = 10: 362880 ÷ 10, baki 0
n = 11: 3628800 ÷ 11, baki 10

Tazama safu ya baki. Kwenye 2, 3, 5, 7 na 11, ambazo ni tasa, baki ni n kasoro moja. Kwenye 6, 8, 9 na 10, ambazo si tasa, baki ni sifuri. Mmoja tu amekataa kuingia kundi lolote: 4, mwenye baki 2. Kazi iliyobaki ni kueleza makundi hayo mawili na huyo mkaidi mmoja.

Hatua ya 3: Tafuta vigawo viwili tofauti ndani ya foleni

Sasa sahau zao. Itazame 45! kama foleni ya abiria steji, kila mmoja na nambari yake: 1, 2, 3 hadi 45. Hutaki kujua jumla ya lolote, unataka kujua nani yumo. Kwa kuwa 46 = 2 × 23, tafuta 2 na 23. Zote zimo. Basi zao zima linaweza kuandikwa upya kama (2 × 23) × (zilizobaki zote), yaani 46 × kitu fulani. Limegawanyika.

58 ya Buruburu ni 2 × 29, na zote zimo kwenye 57!. 33 ya Embakasi ni 3 × 11. 111 ya Ngong: jumlisha tarakimu zake, 1 + 1 + 1 = 3, kwa hiyo inagawanyika kwa 3, nayo ni 3 × 37. 237 ya Thika vivyo hivyo, 2 + 3 + 7 = 12, nayo ni 3 × 79. Kila kigawo kilicho kidogo kuliko n lazima kiwe ndani ya foleni ya (n − 1)!, kwa sababu foleni hiyo haina pengo.

Hapa kuna mtego unaostahili kuangaliwa kwa makini. Mtu husema: «zao linagawanyika kwa a, linagawanyika kwa b, kwa hiyo linagawanyika kwa a × b.» Hiyo si kweli kwa jumla. 12 inagawanyika kwa 4, inagawanyika kwa 6, lakini haigawanyiki kwa 24. Kwa nini basi hoja yetu inasimama? Kwa sababu hatusemi tu kwamba zao linagawanyika kwa kila kimoja. Tunasema a na b zimekaa ndani ya zao kama nambari mbili mbalimbali, kila moja mahali pake. Katika 12 = 4 × 3, ile 4 unaiona, lakini 6 unaipata tu kwa kukopa 2 kutoka kwenye hiyo hiyo 4. Kwenye faktoria hakuna kukopeshana mradi a na b ni tofauti. Neno «tofauti» ndilo linalobeba hoja yote, na mwanafunzi akiliacha kwenye karatasi ya mtihani ningemnyima alama bila kusita.

Hatua ya 4: Shughulikia miraba, kisha mkaidi 4

Nambari isiyo tasa ina kigawo tasa kilicho kidogo kuliko vyote, kiite p. Andika n = p × (n ÷ p). Kama sehemu hizo mbili hazilingani, umeshamaliza kwa hatua ya 3. Zikilingana, basi n ni p × p na hakuna njia nyingine ya kuivunja. Kwa hiyo shida ipo kwenye miraba ya nambari tasa pekee: 4, 9, 25, 49, 121 na kuendelea. Angalia kwamba 36 haimo. Ni mraba, ni kweli, lakini inavunjika pia kuwa 2 × 18.

Chukua 9. Foleni ya 8! ina 3 moja tu, nasi tunataka 3 mbili. Ya pili iko wapi? Imejificha ndani ya 6, kwa kuwa 6 = 2 × 3. Basi 3 × 6 = 18, ambayo ni 9 × 2, na kazi imekwisha. Kwa 25 tafuta 5 na 10. Kwa 49 tafuta 7 na 14. Kwa jumla tunatafuta p na 2p, na sharti moja tu ni kwamba 2p iwe ndogo kuliko p × p ili iwe imeingia kwenye foleni. Sharti hilo linatimia kila p inapozidi 2.

Inapokuwa 2 yenyewe, 2p ni 4 na p × p ni 4. Aliyetakiwa kuleta 2 ya pili ndiye n mwenyewe, na foleni yetu inaishia kabla yake. Ndiyo sababu 3! = 6 haigawanyiki kwa 4. Hakuna nambari nyingine isiyo tasa yenye tatizo hili, kokote uendako.

Dai sasa limekamilika upande mmoja: kila nambari isiyo tasa inayozidi 4 inagawanya (n − 1)! bila baki.

Hatua ya 5: Eleza kwa nini nambari tasa zinakataa

Hoja ya haraka ni ya Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale. Nambari tasa ikigawanya zao, lazima igawanye angalau mojawapo ya zilizozidishwa. Kwenye 22! zilizozidishwa ni 1 hadi 22, zote ndogo kuliko 23, na hakuna hata moja inayogawanyika kwa 23. Basi 22! haigawanyiki kwa 23. Ukihitaji tu ndiyo au hapana, unaweza kuruka hadi hatua ya 6.

Lakini jedwali lilisema zaidi ya hapana. Lilisema baki ni n kasoro moja, kila mara. Hili ni jambo zuri mno kuliacha, na 23 ya Kangemi inatosha kulionyesha. Toa kwanza 1 na 22 kwenye foleni. Zilizobaki, 2 hadi 21, ziko 20. Zipange jozi jozi, kila jozi ikizidishwa ibakishe 1 inapogawanywa kwa 23:

2 × 12 = 24 = 23 + 1
3 × 8 = 24 = 23 + 1
4 × 6 = 24 = 23 + 1
5 × 14 = 70 = 3 × 23 + 1
7 × 10 = 70 = 3 × 23 + 1
9 × 18 = 162 = 7 × 23 + 1
11 × 21 = 231 = 10 × 23 + 1
13 × 16 = 208 = 9 × 23 + 1
15 × 20 = 300 = 13 × 23 + 1
17 × 19 = 323 = 14 × 23 + 1

Jozi 10, hakuna aliyekosa mwenzake. Kwa upande wa baki kila jozi ni sawa na 1, kwa hiyo zote kwa pamoja ni 1. Kilichosalia ni 1 × 22, na baki ni 22.

Je, ni bahati ya 23? Hapana. Chukua nambari yoyote a kati ya 1 na 22, uizidishe kwa 1, kwa 2, kwa 3, hadi kwa 22. Baki 22 utakazozipata zote ni tofauti. Zingekuwa mbili sawa, tofauti ya mazao hayo mawili ingegawanyika kwa 23, na Euclid ameshatukataza. Hakuna iliyo sifuri pia, kwa sababu ile ile. Baki 22 tofauti, kati ya 1 na 22: lazima 1 imo, na imo mara moja tu. Huyo aliyeizalisha ndiye mwenzake a. Na nani hujioa mwenyewe? Ni x ambaye x × x inabakisha 1, yaani (x − 1) × (x + 1) inagawanyika kwa 23. Euclid tena: ama x ni 1, ama x ni 22. Ndio wale wawili tuliowatoa mwanzoni.

Jambo hili huitwa nadharia ya Wilson, ingawa John Wilson hakulithibitisha. Edward Waring wa Uingereza alilichapisha mwaka 1770 akamtaja Wilson, mwanafunzi wake, na Lagrange akatoa uthibitisho mwaka 1771. Karne nyingi kabla yao, karibu mwaka 1000, Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alikuwa analitumia. Alitafuta nambari inayobakisha 1 ikigawanywa kwa 2, 3, 4, 5 au 6, lakini isibakishe kitu kwa 7. Jibu lake moja ni 6! + 1, yaani 721. Rudi kwenye jedwali: 720 ÷ 7 ilibakisha 6, ukiongeza 1 unapata 7 × 103.

Hatua ya 6: Tafuta mahali zao linapoanza kugawanyika

Kujua kwamba 45! inagawanyika kwa 46 ni mwanzo tu. Swali lenye utamu zaidi ni hili: ukianza kuzidisha kutoka 1, unafika wapi ndipo 46 inakubali? Huhitaji 45. Mara 23 ikishaingia, na 2 iliingia zamani, umemaliza. Jibu ni 23!.

Njia ya kulipata kwa nambari yoyote: ivunje hadi vipeo vya nambari tasa, tafuta kila kipeo kinatimia wapi, kisha chukua kilichochelewa kuliko vyote.

45 ya Githurai ni 9 × 5. Ile 5 inatimia kwenye 5!. Ile 9 inahitaji 3 mbili, na ya pili inaletwa na 6. Aliyechelewa ni 6, kwa hiyo 6!. Hakiki: 720 ÷ 45 = 16. Kwa 5! haikubali, kwa kuwa 120 ikigawanywa kwa 45 inabakisha 30. Ona tofauti: 44 na 45 ni jirani, ila 44 = 4 × 11 lazima ingoje hadi 11!.

125 ya Rongai inahitaji 5 tatu. Zinaletwa na 5, 10 na 15. Jibu ni 15!. Ukitaka nne, utangoja 20. Ukitaka tano, utangoja 25, na hapo unapata ziada, kwa sababu 25 inaleta mbili kwa mpigo. Hivyo 3125, ambayo ni 5 kwa kipeo cha 5, na 15625, ambayo ni 5 kwa kipeo cha 6, zote zinaanzia 25!.

Kuhesabu 5 ziko ngapi ndani ya m! kuna njia ya Legendre: gawanya m kwa 5 na utupe baki, gawanya jibu kwa 5 tena, endelea hadi ufike sifuri, kisha jumlisha majibu. Kwa 100!: 20, halafu 4, jumla 24. Kwa kuwa 2 ni nyingi kuliko 5 na kila 2 × 5 huzaa sifuri, 100! inaishia kwa sifuri 24. Kwa 1000! ni 200 + 40 + 8 + 1, yaani sifuri 249. Mtindo huo huo unafanya kazi kwa nambari tasa yoyote, ukiweka yenyewe mahali pa 5.

Miaka nayo inaleta raha. 1963, mwaka wa uhuru, wengi wangeapa ni tasa, lakini ni 13 × 151, kwa hiyo inaanzia 151!. Mwaka 2025 ni 45 × 45, yaani 3 nne na 5 mbili. Nne za 3 zinaletwa na 3, 6 na 9 (9 analeta mbili), za 5 zinaletwa na 5 na 10. Jibu ni 10!, mapema ajabu kwa nambari kubwa vile: 3628800 ÷ 2025 = 1792 kamili. Mwaka 2026 ni 2 × 1013, utangoja hadi 1013!. Na 2027, wa uchaguzi, ni tasa. Itangoja foleni yote hadi ifike yenyewe.

Hilo la mwisho ni kanuni: nambari zinazongoja hadi zifike zenyewe ni tasa zote, na 4. Aubrey Kempner alichapisha mwaka 1918 njia ya kupata mahali hapa pa kuanzia kwa nambari yoyote, na ndiyo hiyo uliyoitumia sasa hivi.

Hatua ya 7: Iandike kama programu, bila kujaza kumbukumbu

Anayeanza huandika programu inayohesabu (n − 1)! yote kwanza, kisha igawanye. Inafanya kazi kwenye mfano wa mwalimu, halafu inatoa takataka. Nafasi ya biti 64, yaani sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta inayohifadhi nambari moja nzima, inabeba 20! na kushindwa na 21!. Ya biti 32 inashindwa na 13! tayari. Lugha nyingine za programu hupanua nafasi zenyewe, lakini hata hizo zitabeba mzigo ambao hukuuhitaji.

Chukua baki kila unapozidisha. Anza na 1, zidisha kwa 2, chukua baki kwa n, zidisha kwa 3, chukua baki, hadi n − 1. Jibu la mwisho ni lile lile. Kwa n = 7 safari ni 1, 2, 6, 3, 1, 6: imeishia 6, tasa. Kwa n = 9 ni 1, 2, 6, 6, 3, 0. Sifuri imetokea ulipozidisha kwa 6, na ikishatokea haiondoki, kwa hiyo simamisha programu hapo hapo. Hatua iliyoleta sifuri ndiyo jibu la hatua ya 6, umelipata bure. Kwenye biti 64 zenye alama ya hasi, mradi n haizidi bilioni 3, hakuna kinachomwagika.

Usiifanye hii kuwa njia yako ya kupima utasa. Kwa nambari tasa ya tarakimu 12, faktoria inadai mizidisho zaidi ya bilioni 100, wakati kujaribu vigawo hadi kipeuo cha pili hakufiki milioni moja. Nadharia ya Wilson inakuambia ukweli mtupu kuhusu nambari tasa, kwa gharama ambayo hakuna kompyuta ingependa kuilipa.

Hatua ya 8: Tumia ujuzi huo kutengeneza mfululizo wa zisizo tasa

Tuseme unataka nambari tano zinazofuatana, zote zisizo tasa. Faktoria inakupa bila kutafuta. Kwa kuwa 6! inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5 na 6, ukiiongezea kila moja ya hizo bado itagawanyika kwa hiyo hiyo:

722 = 2 × 361
723 = 3 × 241
724 = 4 × 181
725 = 5 × 145
726 = 6 × 121

Ukitaka 99 zinazofuatana, chukua 100! + 2 hadi 100! + 100. Ukitaka milioni, unajua la kufanya. Hakuna kikomo cha urefu wa ukame huo, ingawa nambari tasa zenyewe haziishi.

Ila faktoria ni mbadhirifu. Kazi ile ile ingefanywa na kigawe kidogo cha shirika cha 1 hadi 6, ambacho ni 60 tu: angalia 62, 63, 64, 65, 66. Na ukiwa na subira ya kutafuta, tano zinapatikana mapema zaidi, 24 hadi 28. Kwa zile 99 tofauti inachekesha. 100! ni nambari ya tarakimu 158, na kumbe mfululizo wa kwanza wenye urefu huo au zaidi unaanza 370262 na kuishia 370372. Hesabu ziko ngapi: 111, sawasawa na ruti ya Ngong.

Mazoezi

Kwa kila nambari sema kama inagawanya (n − 1)!, na kama ndiyo, zao linaanzia wapi: 34, 49, 102, 105, 121, 145, 211. Fanya kwa kichwa kwanza.

Majibu: 34 ni 2 × 17, inaanzia 17!. 49 inahitaji 7 mbili, 14!. 102 ni 2 × 3 × 17, nayo 17!. 105 ni 3 × 5 × 7, inaanzia 7!, na 5040 ÷ 105 = 48. 121 inangoja 22!. 145 ya Ruiru ni 5 × 29, kwa hiyo 29!. 211 haigawanyi 210!, kwa kuwa ni tasa. Baki ni 210. Ukikwama kwenye hii ya mwisho, jaribu vigawo 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Kuendelea zaidi hakuna haja, kwa kuwa 17 × 17 ni 289, imeshapita 211.